Yerusalemu Yetu ya Pazia

Ninyi mnaopiga picha kwa simu pale stendi ya Masasi, mnaoniita Mzee Pazia mkidhani sisikii: nasikia. Masikio bado mazima, ni magoti tu yaliyostaafu kabla yangu. Juzi mmoja wenu kanipiga picha nimekaa kibarazani, akachezesha kidole, akanionyesha. Mimi huyo, na kandambili zangu, nimesimama mbele ya mnara wa Ulaya. Sikio la kushoto halipo, simu imelila.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "sisi tulikuwa tunampeleka mtu ng'ambo na masikio yake yote."

"Mlikuwa mnampelekaje, babu, na wewe mwenyewe hata Lindi unapaogopa?"

Siogopi Lindi. Sina shida napo tu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala kitanda kisicho changu, asubuhi naamka nimechoka kama nimelima. Lakini swali lake limenikuta pabaya, kwa sababu binti yangu Tekla amenikatia tiketi. Anataka nipande basi la Dar es Salaam, kisha ndege, niende Yerusalemu. Ile ya kweli. Kikundi cha mahujaji kinaondoka wiki ijayo, na mimi sijasema ndiyo wala hapana. Kila akipiga simu namwambia mtandao unakatika. Basi wakati mtandao unakatika, nawaandikieni haya.

Pazia, kwa ninyi mliozaliwa juzi, ni kitambaa kikubwa kilichochorwa, kinatundikwa ukutani studio, mteja anakaa mbele yake. La kwetu alilichora Mzee Chilumba, mwalimu wangu wa kazi, Mmakonde wa Newala, Mwislamu wa swala tano. Nilimaliza sekondari, matokeo yakaja na ushauri wa kimyakimya kwamba nitafute kazi ya mikono, nikaenda kwake. Alikuwa anaandika vibao vya maduka, kisha akanunua kamera, na siku nilipofika alikuwa ameshonesha shuka za marekani pamoja, kazitandaza uani, anawaza.

"Nikichora msikiti," akasema, "nusu ya Masasi watapita njia. Nikichora kanisa, nusu nyingine watapita njia. Nataka mji ambao kila mtu ana ndugu yake mle ndani."

Mji wenyewe hakuwahi kuuona. Kuba la dhahabu la Baitul-Makdis alilitoa kwenye picha iliyotundikwa chuoni kwao walikosoma Kurani. Kanisa la Kaburi alilitoa kwenye kalenda ya parokia, niliyomwazimia mimi kwa mama yangu na haikurudi. Ukuta wa Wayahudi aliukuta kwenye kitabu cha watoto cha hadithi za Biblia. Akavipanga vyote mstari mmoja, kama maduka ya sokoni: kushoto kanisa, katikati kuba, kulia ukuta. Mbele akapitisha barabara pana iliyonyooka, utasema inapita malori ya korosho. Milima alikosa mfano wake, akaweka majabali yetu ya Masasi. Mzeituni hakuujua, akachora mkorosho.

"Mzee, huo si mkorosho?"

"Mti ni mti. Watu wanakuja kujitazama wenyewe, hawaji kutazama mti."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi. La pili lilikuwa hili: mtu wa zamani akiona kamera anakauka kama anasubiri sindano. Ukimwambia acheke, anakuonyesha meno kama kwa daktari. Mzee Chilumba hakumwambia mtu acheke. Alimtembeza. "Mkanda wa kamera una gharama," alikuwa akinifundisha, "lakini maneno ni bure. Mpeleke mjini kwanza, ndiyo umpige."

Nikajifunza kutembeza watu. "Karibu mama, tumeingia Lango la Dameski, chunga ngazi hizo zimeliwa na miguu. Kulia wanauza viungo, unasikia mdalasini? Usinunue, hapa wanatupiga bei ya wageni. Sasa tunakata kona, jua linachomoza, hebu inua macho uone kuba linavyowaka..." Akiinua macho tu, nabonyeza. Sura inatoka hai, mtu amekwenda kweli. Nimetembeza watu mji ule miaka na miaka, mimi ambaye Rufiji sijauvuka.

Wakristo niliwakalisha kushoto, Waislamu katikati. Tabu ilikuwa zile nyumba za kwetu huku ambamo baba anaswali, mama anasali, na watoto wamegawana kama mabibo. Hao niliwawekea benchi kati ya kanisa na kuba, na huko nako waligombana nani akae upande gani. Ukuta ndio uliokosa wateja. Hadi msimu mmoja, vijana wametoka jandoni, nguo mpya, miwani myeusi, miavuli hata kama hakuna mvua, mmoja wao akanyoosha kidole.

"Wale wenye kofia nyeusi ni akina nani?"

"Wayahudi. Wanasali."

"Wale wa kwenye Biblia?"

"Haohao."

"Bado wapo?"

Mjomba wake akamkata: "Hebu nyamaza. Ulikuwa porini, habari zimekupita."

Nikawaeleza kwamba ule ukuta ni wa zamani kuliko kanisa na kuba, na mwenye shida huko huenda kuuegemea na kusema shida yake. Sikujua natangaza biashara. Kuanzia siku ile wenye shida wakawa wanachagua ukuta, Mwislamu na Mkristo sawasawa. Mwaka ambao korosho zimekosa bei, pale ukutani palijaa kuliko kwenye kuba.

Msimu ukifika tulilikunja pazia, tukalifunga juu ya pikapu, tukapanda uwanda kwenda Newala na Kitangari kuwafuata wenye korosho. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ndefu kuliko zote, na kila kona ya ule mlima nilijuta kuzaliwa. Newala picha tulipiga tu, kusafisha tulirudi kusafishia Masasi. Mnajua kwa nini tulisema kusafisha? Kwa sababu picha ilioshwa kwa maji, tena maji yanayobadilishwa, la sivyo baada ya muda inageuka njano kama mwenye homa ya manjano. Mwaka mmoja nikajitia ujanja, nikasema nisafishie hukohuko Newala, wateja wachukue kesho yake. Nikanunua madumu ya maji, na huko juu maji ni ya shida, nikajifungia. Mama mwenye nyumba akagonga.

"Wewe kijana, unafanya nini humo na maji yote hayo?"

"Naosha picha, mama."

"Picha zinaoga? Watoto wangu hawaogi, picha zinaoga?"

Nikatoka na karai langu, wanawake wa jirani wamejipanga uani wanatazama zile sura zao zinavyoelea. Mzee Chilumba alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akanilipia lile deni la aibu kwa kumpiga yule mama picha ya bure, mbele ya ukuta.

Mke wangu, Mama Tekla, alikuja studio baada ya kuoana, akawa ndiye mkono wa pili. Poda yeye, kitana yeye, koti la studio ambalo limevaliwa na wanaume wote wa wilaya hii, yeye ndiye aliyelibana mgongoni kwa vibanio vya nguo liwakae. Na wakati mimi natembeza watu, yeye amesimama pembeni ameshika taa. Kwa hiyo ule mji aliusikia kuliko alivyosikia mahubiri. Wakati mwingine nikiruka kitu ananisahihisha: "Baba Tekla, hujawapitisha kwenye viungo."

Lakini yeye hakuwa mimi. Mimi nilikuwa nasema tu. Yeye alikuwa anataka kwenda.

Mzee Chilumba alifariki, mikanda ikaisha madukani, simu zenu zikaja, tukafunga studio. Tekla alipopata kazi nzuri akasema atawalipia wazazi wake waende Yerusalemu na kikundi cha parokia. Mimi nikauliza, "Na mikorosho atapuliza nani salfa?" Mama Tekla akanitazama. Mikorosho yenyewe nilikuwa nimekodisha. Basi nafasi yangu akapewa jirani yetu Mama Joni, na mimi nikabaki na kuku.

Sasa sikilizeni lililotokea huko. Nalisimulia kama alivyonisimulia yeye, na alinisimulia mara nyingi.

Kikundi kilikuwa na padri kijana, amebeba mwavuli mwekundu juu, kawaambia wote waufuate. Wameingia mji mkongwe, vichochoro vimebanana, vingine vina paa, watu mabega kwa mabega. Mama Tekla akanyanyua macho, juu ya mapaa akaliona kuba linawaka. Akamshika Mama Joni mkono.

"Huyu padri anatupoteza. Kanisa liko kushoto kwa kuba."

"Umejuaje?"

"Mama Joni, huu mji mimi naujua. Nimeufanyia kazi."

Wakaacha mwavuli. Wakashika kushoto, wakitafuta ile barabara pana iliyonyooka ya Mzee Chilumba. Hakuna barabara. Ngazi juu ya ngazi. Wakapita maduka ya viungo, akafurahi, akasema unaona, viungo hivi hapa. Wakashuka, wakapanda, wakashuka tena, wakatokea uwanja mkubwa, na mbele yao si kanisa: ni ukuta, na watu wa kofia nyeusi wamejaa, wanatikisika kwa sala. Mama Joni akaanza kulia. Mama Tekla akasimama upande wa wanawake, akaegemeza mkono kwenye ukuta ule, akamwambia Mungu: "Tumepotea, na aliyetupoteza ni mume wangu." Walipotoka hapo, mzee mmoja wa Kiyahudi, ndevu nyeupe, akaona kanga zao, akawaonyesha kwa mkono njia ya kurudi juu, akatembea nao mpaka kwenye ngazi. Hawakuelewana hata neno, ila mwisho akafanya ishara ya kufuta machozi, kumwambia Mama Joni aache.

Juu ya ngazi wakapotea upya. Mwisho wakakuta mlango wa kijani, ndani mzee anauza chai, paka kalala juu ya gunia. Mama Tekla akatoa salamu yetu ya Newala, "Asalaam aleykum," na yule mzee akaitikia mpaka mwisho wake. Mama Tekla akasema, "Kanisa. Kaburi." Mzee akaelewa! Maneno kumbe ni ya kwao, sisi tumeazima. Akawakalisha. Akawapa chai ya majani ya nana, kwenye glasi ndogo. Walipotaka kulipa akakataa, basi Mama Tekla akafungua pochi akampa korosho za Kitangari alizobeba kwa ajili ya njaa ya ndege. Yule mzee akatafuna moja, akafumba macho. Akafunga duka lake, akawapeleka mwenyewe.

Walipofika mlangoni pa kanisa, padri yupo pale, jasho linamtoka, mwavuli umepinda.

"Mama Tekla! Nani aliyekwambia njia?"

"Mume wangu."

"Amewahi kufika huku?"

"Hajawahi kufika hata Dodoma."

Na hapo ndipo padri alipowaeleza jambo ambalo mke wangu alirudi nalo kama zawadi: kwamba ufunguo wa lile kanisa, kanisa kuu la Wakristo wote, anautunza Mwislamu, kwa sababu Wakristo wenyewe ni wa madhehebu mengi na hawaaminiani. Mama Tekla hakushangaa hata kidogo. Akamwambia padri, "Hata kigangoni kwetu Kitangari, ufunguo wa tangi la maji ya mvua anao Mzee Athumani. Tukikaa nao wenyewe tunapigana." Padri akasema hilo ataliweka kwenye mahubiri, na nasikia aliliweka.

Aliporudi nilimpokea stendi na swali la kazi: "Picha ziko wapi?" Alikuwa na simu aliyoazimwa na Tekla. Akanionyesha picha ya kikundi, ya ndege, ya kitanda cha hoteli.

"Na duka la chai?"

"Nilikuwa nakunywa chai, Baba Tekla. Ningepiga kwa mkono gani?"

Mke wa mpiga picha! Nikamwambia amenivunjia heshima ya ufundi. Akanijibu kwamba mimi na Mzee Chilumba wangu tumemvunjia miguu. Tukalitundika pazia sebuleni akaanza kulikosoa. Kuba haliko hapa. Ukuta uko chini yake, nyuma, unashuka. Kanisa limejificha, unalipita usilione. Na ile barabara, akasema, ile barabara ifutwe kabisa. Mti ndio aliousamehe: "Mzeituni ni mkorosho tu uliokonda." Nikamwambia sigusi rangi ya marehemu. Tuligombana vizuri, kwa miezi, kila jioni mbele ya lile pazia, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama hiyo.

Jioni moja hakugombana. Alikaa tu. Akasema, "Unajua, ile glasi ya kwanza ya chai niliponywa, nikageuka nikuonyeshe yule paka. Nikakuta ukuta wa duka. Wewe upo Masasi."

Kesho yake nilienda kuomba pasipoti. Kipicha cha hiyo pasipoti nilipigwa na mmoja wenu, mbele ya shuka jeupe, akaniamuru nisitabasamu, na hakunipitisha popote, ndiyo maana nimetoka kama mshukiwa. Mama Tekla aliiona akasema kwa sura hiyo hatutafika hata Mingoyo. Alipanga safari nzima kichwani. Mimi nitembee nyuma yake, kwa sababu kiongozi sasa ni yeye. Kanisani atanipeleka, kwenye ukuta atanipeleka, kuba tutalitazama kwa nje kwa adabu. Lakini kwanza chai.

Kisha zikaja habari za vita kule, kikundi kikasema safari imesimama. Tukasubiri. Yeye alikuwa akiwasha redio, anasikiliza, anazima. "Bado," ananiambia. Katika kusubiri huko sukari ikampanda, ikampeleka hospitali na kumrudisha, ikampeleka tena. Bado akiniuliza kama redio imesema kitu. Masika tukamzika Kitangari. Mvua ilinyesha siku ile mpaka tangi la kigango likafurika, Wakristo na Waislamu wote tumesimama tunalia chini ya turubai, na mimi namsikia kabisa akitufokea: mnalia nini, tegeni ndoo.

Sasa wanasema njia imefunguka, kwa jinsi inavyofunguka. Ndiyo hii tiketi ya Tekla. Nimejiuliza naenda kufanya nini, mzee asiyependa hata kulala Ndanda. Mji ulioniita haukuwa wa mawe yale, ulikuwa wa mdomo wake. Nikiwa hapa naweza kumsikia anavyousimulia. Nikienda huko nikakuta mengine, je, sauti yake itabaki? Hilo ndilo linalonitisha, si ndege. Na ndege pia.

Jana nimelitundika pazia tena. Mchwa wamekula kona ya juu, majabali ya Masasi yana matundu. Nimechukua brashi, nikasema acha nivunje mwiko, nimwongezee Mama Tekla duka lake la chai. Nimetafuta pa kuliweka, hakuna. Barabara ya Mzee Chilumba imenyooka mno, haina kichochoro hata kimoja. Nikasema basi, nalibandika popote, hata kwenye ukuta. Nikachanganya rangi ya mlango. Kijani. Nikasimama na brashi hewani, inadondosha sakafuni. Kijani gani? Cha jani changa la mkorosho? Cha mlango wa msikiti wa Newala? Kilichopauka, kilichopakwa juzi? Jioni zote zile nimebishana naye kuba liko wapi, na mimi, fundi wa rangi, sikumuuliza.

Nimeosha brashi. Nimempigia Tekla, mtandao leo haukukatika.

"Baba, una uhakika? Usije ukabadilika tukifika uwanja wa ndege."

"Nina uhakika. Lakini mwambie padri, yule wa mwavuli, jambo moja mapema, asije akapata presha."

"Jambo gani?"

"Tukishaingia lango lile, mimi nitashika kushoto. Asinitafute haraka."